Uhuru, Matlai na Upepo wa Nyota

Mtaa wa Uhuru, utokao Mnazi Mmoja kuelekea Ilala hata Buguruni, hukutana na Mtaa wa Msimbazi katika Kariakoo, mahali pasipokosa msongamano wa watu na bidhaa mchana kutwa. Kabla Tanganyika haijajitawala mtaa huo ulijulikana kwa jina la Kichwele. Jina jipya lilitokana na neno lililokuwa likipaazwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja na vya Jangwani, kando ya Mto Msimbazi, tangu chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai, 1954. Wachuuzi wa Msimbazi hulitaja leo pasipo kulifikiri, kama ilivyo ada ya majina ya mitaa. Walakini neno hilo hilo, kwa herufi zile zile, limeandikwa pia katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na huko halina maana ya bendera wala ya bunge. Ni jina la chombo kilichorushwa kutoka bahari ya Waswahili, ambacho kwacho wataalamu walitambua kwamba upepo uvumao kutoka katika nyota kubwa mno za buluu waweza kunaswa na mabaki ya nyota nyingine zilizokwisha kufa. Watu wa falaki wameieleza habari hiyo mara nyingi. Watu wa lugha hawajaieleza, ingawa sehemu yake moja ni mali yao.

Asili ya neno ni Kiarabu "hurr", yaani mtu asiye mtumwa, likavikwa kiambishi cha Kibantu u-. Katika Kiswahili cha karne ya 19 lilihusu zaidi hali ya mtu mmoja mmoja, mtumwa aliyeachwa huru. Kando yake palikuwapo neno "uungwana", lililobeba nasaba na adabu pamoja. Siasa za miaka ya 1950 zililichukua la kwanza na kuliacha la pili, na hapana budi ilikuwa hivyo, kwa kuwa nchi haiwezi kudai nasaba, bali yaweza kudai kutomilikiwa. Hivyo neno la mtu mmoja likawa neno la taifa zima, Tanganyika tarehe 9 Desemba, 1961, na Kenya tarehe 12 Desemba, 1963.

Tarehe hii ya pili ndiyo iliyolipeleka neno juu. Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, Waitaliani walioongozwa na Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita, na setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili, 1967. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wake. Ni kiasi cha digrii 3 tu kusini ya ikweta, na roketi ielekezwayo mashariki kutoka karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa Dunia yenyewe. Tena chombo kizungukacho juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya ile mionzi iliyonaswa na usumaku wa Dunia, ambayo ingeyavuruga mahesabu ya chombo cha kupimia mionzi ya mbali. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Kimarekani ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaani ikiwa na chombo cha kilo 140 hivi, ambacho katika karatasi za wakubwa wake kiliitwa SAS-A. Bibi Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo katika shirika la NASA, ndiye aliyependekeza kiitwe Uhuru kwa ajili ya siku ile. Jina halikutafsiriwa, liliachwa katika Kiswahili.

Haifai kulikuza tendo hilo kupita kiasi. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliani, na mahesabu yalisomwa Massachusetts na kundi la Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, ambaye mwaka wa 2002 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuanzisha elimu hiyo. Cha pwani kilikuwa ni bahari na neno.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miali ya eksirei itokayo angani. Miali hiyo haipiti katika hewa ya Dunia, na kabla ya hapo ilikuwa ikichunguliwa kwa roketi ndogo zilizopanda juu kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru kilikuwa chombo cha kwanza kuwekwa angani kwa kazi hiyo peke yake. Kilizunguka polepole juu ya mhimili wake, kikilipitia anga ukanda baada ya ukanda, mpaka Machi, 1973. Kilichofuata hakieleweki, hata hivyo, pasipo kwanza kuieleza habari ya upepo wenyewe, ambayo ni kongwe kuliko setilaiti zote.

Mwaka wa 1600 Willem Janszoon Blaeu, Mholanzi aliyekuwa bingwa wa ramani na matufe, aliona nyota katika kundi liitwalo Cygnus mahali ambapo hapakujulikana kuwa na nyota. Iling'aa miaka kadhaa, kisha ikafifia. Leo huitwa P Cygni, nayo ni nyota kubwa mno ya buluu, mojawapo ya zile zizidizo uzito wa Jua mara nyingi na ambazo nyuso zake zina joto la digrii 20,000 hivi au zaidi. Mwanga wa nyota kama hiyo ukitandazwa kwa mche wa kioo mfano wa upinde wa mvua, huonekana ndani yake mistari ing'aayo, na kila mmoja umeandamana na mstari wa giza upande wake wa buluu. Mkanada C. S. Beals alieleza mwaka wa 1929 kwamba dalili za namna hii zatokana na gesi itokayo katika nyota pande zote pasipo kukoma: ile ijayo upande wa mtazamaji ndiyo iukatao mwanga na kuuacha ule mstari wa giza. Maelezo hayo yaliwahusu watu wachache tu kwa muda mrefu, maana nyota zilizoonyesha dalili hizo wazi zilihesabiwa kuwa vioja. Jambo liligeuka mwaka wa 1967, Donald Morton wa Princeton alipotoa habari za mwanga wa urujuanimno wa nyota tatu za ukanda wa Orion, uliopigwa picha kwa roketi. Nyota hizo hazikuwa vioja hata kidogo. Zajulikana na kila mtu, nazo zilionekana kumwaga gesi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuzipita nyota hizo upesi. Majina yake katika vitabu vya Wazungu ni Mintaka, Alnilam na Alnitak, na yote matatu ni Kiarabu kilichochakaa safarini: ya kwanza na ya tatu yana maana ya mshipi au ukanda, na ya kati yatokana na "nidham", yaani shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Shina hilo ndilo lililowapa Waswahili neno "nidhamu". Alnilam ni nyota kubwa mno ya buluu iliyo kamili. Iko kusini ya ikweta ya mbingu kwa digrii 1 tu na kidogo, kwa hiyo huvuka karibu na utosi wa Dar es Salaam. Katika Januari na Februari, saa za usiku ambapo meza za Kariakoo zinafungwa, huwa juu ya Msimbazi penyewe, ijapokuwa taa za mji humfanya mtu aitafute. Miezi hiyo ni miezi ya kaskazi. Basi wakati upepo wa bahari uvumapo kutoka kaskazini-mashariki, mtu aliyesimama mtaani na kuinua uso hutazama upepo mwingine, wenye mwendo ambao hakuna upepo wa Dunia uwezao kulinganishwa nao.

Je, ni haki kuuita upepo? Swali hili si la mapambo. Hewa ya Dunia husukumwa na tofauti za joto na uzito wa hewa, ilhali gesi ya nyota hizi husukumwa na mwanga. Leon Lucy na Philip Solomon waliueleza msukumo huo mwaka ule ule wa 1970 ambao Uhuru kilirushwa, na mwaka wa 1975 John Castor, David Abbott na Richard Klein wakaukamilisha kwa mahesabu. Chembe za kaboni, naitrojeni, chuma na nyinginezo katika gesi hiyo hunyonya mwanga wa rangi fulani fulani tu. Kila chembe inyonyapo mwanga husukumwa nje kidogo. Na kwa kuwa imekwisha kuongeza mwendo, rangi inayoihitaji husogea, ikakuta mwanga mpya ambao haujaguswa na chembe zilizo chini yake. Hivyo gesi hujifungulia njia kadiri iendavyo. Mtu aweza kusema kwamba jambo la namna hii laitwa "mtiririko" au "mvujo" kwa usahihi zaidi.

Hoja hiyo yaonekana nzito lakini haina nguvu mbele ya Kiswahili chenyewe. Waswahili hawakuupa upepo majina kwa kufuata sababu yake. Waliutaja kwa mahali utokapo, kwa msimu wake, na kwa ufanyalo tangani: kaskazi, kusi, demani, maleleji. Hata pande za dunia zilitajwa kwa upepo, kwa maana kaskazini ni kwenye kaskazi, na kusini ni kwenye kusi. Upepo ulijulikana kwa athari yake juu ya kitu kingine, na ndivyo hasa wataalamu walivyoujua ule wa nyota, kwani hakuna aliyeuona wenyewe. Waliuona mstari wa giza uliowekwa na upepo katika mwanga.

Tena lipo neno moja ambalo lilikwisha kuunganisha nyota na upepo kabla ya darubini kuwapo. Wanamaji wa Bahari ya Hindi, ambao Ahmad ibn Majid aliandika elimu yao mwishoni mwa karne ya 15, waliligawa duara la upeo wa macho katika sehemu 32, na sehemu nyingi zikapewa majina ya nyota zinazochomoza au kutua hapo. Mahali pa kuchomoza paliitwa "matla'". Kiswahili kililipokea neno hilo katika sura ya matlai, likawa jina la upepo utokao mashariki. Kwa nahodha, basi, jina la machweo na macheo ya nyota na jina la upepo vilitoka katika hazina moja. Ni kweli kwamba katika matlai nyota huonyesha tu upande ambako upepo watoka, wala haiuzalishi; lakini lugha iliyopita njia hiyo haina sababu ya kuona haya kusema "upepo wa nyota". Kosa moja tu lapasa kuepukwa, nalo ni la sarufi. Upepo kwa wingi ni pepo, na "pepo za nyota" kwa sikio la Mswahili ni mashetani, au, kwa mcha Mungu, ni bustani za ahera. Heri umoja ubaki umoja.

Hayo yakisha kufahamika, kazi ya Uhuru yaweza kuelezwa. Katika kundi la Cygnus kulikuwa na chanzo kikali cha eksirei kilichogunduliwa kwa roketi mwaka wa 1964, kikaitwa Cygnus X-1. Uhuru kilionyesha mwaka wa 1971 kwamba nguvu ya chanzo hicho hubadilika kwa sehemu ndogo ya sekunde, jambo lisilowezekana kwa kitu kikubwa. Mwaka huo huo darubini za redio zilipapata mahali pake barabara, na hapo palikuwa na nyota kubwa mno ya buluu iliyoandikwa zamani kwa nambari HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin wa Greenwich, na Tom Bolton wa Toronto, waligundua kila upande kwa kazi yake kwamba nyota hiyo huyumba huku na huku kila baada ya siku 5.6, kana kwamba inacheza na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi huyo ni mzito mno kwa kitu kidogo namna ile, na wengi walikubali baadaye kwamba ni shimo jeusi, la kwanza kukubaliwa kwa ushahidi.

Chakula cha shimo hilo ni upepo. Nyota ya buluu hupoteza gesi ambayo uzito wake kwa mwaka mmoja hukaribia uzito wa Dunia nzima. Jua nalo lina upepo wake, ambao Eugene Parker aliutabiri mwaka wa 1958, lakini huu wa HDE 226868 huuzidi kwa mara milioni 100 na zaidi. Kwa kuwa wenzi hao wako karibu sana, gesi hukusanywa upande wa shimo kama maji katika mfereji; sehemu ndogo tu hunaswa, hujizungusha, hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Sehemu iliyobaki huenda zake. Kwa maneno mengine, Uhuru hakikuugundua upepo wa nyota, kama waandishi wengine wadhanivyo. Kiligundua mahali ambapo upepo huo unanaswa, na kwa njia hiyo kikawapa watu taa iliyowekwa ndani ya upepo wenyewe.

Mfano huu wa taa ni wa kweli zaidi ya mapambo. Katika kundi la Vela, ambalo Dar es Salaam huliona vizuri kuliko Ulaya iwezavyo, kipo chanzo kiitwacho Vela X-1. Uhuru kilionyesha kwamba kila baada ya siku 9 hivi chanzo hicho hufichwa na nyota kubwa ya buluu kinayoizunguka. Chombo kingine, SAS-3, kilichorushwa kutoka jukwaa lile lile la San Marco Mei, 1975, kilikuta kwamba eksirei zake hupiga kama moyo kila sekunde 283. Basi si shimo jeusi bali ni nyota ya nyutroni inayozunguka. Kabla haijafichwa, miali yake hupita katika tabaka za upepo zinazozidi kuwa nzito, na miali dhaifu hupotea kwanza. Kwa kuipima hasara hiyo siku hata siku, wataalamu waliweza kukadiria ni gesi kiasi gani iliyo njiani. Tena walikuta kwamba miali hupanda na kushuka ghafula kwa dakika au saa chache. Upepo haukuwa laini kama kaskazi iliyotulia. Ulikuwa na mabonge, mikupuo na mapengo.

Mabonge hayo yameleta mashaka makubwa katika elimu yote ya nyota nzito. Njia kadhaa za kupima upotevu wa gesi huhesabu mabonge kana kwamba ni gesi nyingi zaidi kuliko ilivyo, na tangu mwisho wa karne ya 20 makadirio mengi ya zamani yamepaswa kupunguzwa, mara nyingi kwa mara 2 au 3. Haya si mabishano ya tarakimu tu. Nyota ipotezayo mno hufikia mwisho wake imekonda, na huenda ikaacha mabaki madogo. Ipotezayo kidogo hufa ikiwa nzito. Mwaka wa 2011 shimo la Cygnus X-1 lilikadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara 15 hivi. Mwaka wa 2021 kundi la James Miller-Jones, lililopima upya umbali wake kwa darubini za redio, lilipata miaka 7,200 ya mwendo wa mwanga na uzito wa mara 21. Kwa shimo zito namna hiyo kupatikana katika jamii yetu ya nyota, ilibidi upepo wa nyota iliyolizaa uwe dhaifu kuliko ulivyodhaniwa. Hivyo jambo lililokuwa likichukuliwa kuwa limekwisha liliamshwa tena na nyota ile ile ambayo Uhuru kilikuwa kimeitia sifa nusu karne kabla.

Kiswahili kimeyafuata mambo haya kwa mbali. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka wa 1967, miaka 3 kabla ya roketi ya Ungwana, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka wa 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Falaki haikuwamo katika jina la kamusi hiyo, ingawa ni elimu ambayo Waswahili walikuwa na msamiati wake wa kale kuliko hizo tatu: Kilimia cha wakulima, Zuhura na Mshtarii, na hesabu za miezi misikitini. Kwa sababu hiyo maneno mengi ya elimu mpya ya nyota yamebaki yakitungwa na watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti kwa haraka ya siku moja, na mtu asomaye habari za shimo jeusi leo na "tundu jeusi" kesho hana mahali pa kuuliza kama ni kitu kimoja au viwili.

Uhuru kilianguka na kuteketea hewani mwaka wa 1979. Roketi ya mwisho kurushwa kutoka San Marco ilikuwa ya Machi, 1988. Kituo cha nchi kavu karibu na Malindi kikaendelea kwa kazi ya kupokea habari za setilaiti. Orodha ya nne ya vyanzo vilivyopatikana na Uhuru ilitolewa mwaka wa 1978 ikiwa na vyanzo 339, na kila kimoja kiliandikwa kwa tarakimu 4 na herufi U, zikifuatwa na mahali pake mbinguni. Hivyo nyota moja katika kundi la Nge, yenye upepo mkali kuliko hata ule wa Cygnus X-1, mwenzi wake huitwa 4U 1700-37, na wanafunzi wa falaki wa Japani, wa India na wa Chile hulitaja jina hilo kila siku. Mtu wa sarufi atatambua kilichotokea hapo. Shina la neno, lile "huru" lililotoka Arabuni, limeachwa. Kilichobaki katika vitabu ni kiambishi cha Kibantu peke yake.